Maji Yenye Yasmini

Heri niseme mwenyewe kabla mwenzangu Mutiso hajawaonyesha video. Mimi ni daktari wa mifugo, Wajir. Tulipopelekwa mafunzoni Thailand, wenzangu wa Nairobi walitaka kuona pagoda ya kale ya Wabudha, iliyopambwa kwa dhahabu. Nikawaonya: "Msituaibishe. Adabu za mahali pa ibada nyinyi hamzijui. Nifuateni mimi."

Mlangoni tukavua viatu. Mbele yetu palikuwa na mabakuli ya maji safi yenye maua ya yasmini. Sasa, mtu aliyelelewa msikitini akiwa pekupeku, na maji yapo, mikono hujiendea yenyewe. Nikanawa, nikasukutua, nikaosha uso, mpaka miguu. Kugeuka, wenzangu wamekunja suruali, wananiiga, na nyuma yao foleni ya watalii.

"Daktari, kusukutua ni mara ngapi?" Mutiso akauliza, simu mkononi ikirekodi.

"Mara tatu, warya! Tazama." Nikajaza mdomo tena.

Mwongozaji wetu akaja mbio. "Jamani, hayo ni ya kumwagia sanamu! Nani amewafundisha haya?"

Vidole vyote vikanielekea mimi, mwalimu wa adabu, mashavu yamevimba, sijui niteme au nimeze.