Chanzo cha Mng'aro Kinachotembea

Aibu ninayo, lakini hasira ninayo zaidi, kwa hiyo mtakaocheka chekeni taratibu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niachieni kochi langu huku ughaibuni, pale Campbelltown, na chai ya tangawizi, hamtaniona hata dirishani. Bahati mbaya nafanya ukarani kwenye ghala la vigae huko Granville, na juu ya meza yangu kuna taa inayonimulika kama polisi anayemhoji mwizi (miezi yote hii nalalamika kichwa kinauma, naambiwa nadeka). Hatimaye bosi wetu, Helen, akakubali: atakuja fundi apime mng'aro kwa kamera, na ikithibitika taa inaumiza macho, nitafanyia kazi nyumbani mpaka ibadilishwe. Nyumbani! Nilirudi siku hiyo naimba.

Kosa langu ni moja tu: nilisikia neno kamera. Na sisi kwetu kamera ikija, unavaa. Mama yangu, yuko Morogoro, miaka mingi ananidai picha nikiwa ofisini, basi nikatoa gauni la dhahabu nililovaa kwenye harusi ya mdogo wangu, lile la sikwensi tupu zinazometameta kuanzia kifuani mpaka miguuni, nikapanda nalo treni saa moja asubuhi, watu wananitazama, mimi natazama nje.

Mama Furaha, Mkongomani ninayekaa naye meza ya jirani, akashika kiuno. "Yee, dada! Uko naolewa na taa leo?"

"Cheka tu, utakuja kuniomba picha."

Fundi akasimika kamera kwenye kiti changu, usawa wa macho yangu, lenzi imevimba kama jicho la samaki, akaniomba nisogee pembeni. Nikasogea hatua tatu nzima! Nani angejua lenzi ile inaona chumba chote? Akapiga picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, kutoka yenye giza hadi yenye mwanga (baadaye ndiyo naambiwa zote huunganishwa kuwa moja, kwa hiyo kitu kisitikisike), na mimi kila ikilia nabadilisha pozi. Mkono kiunoni. Mikono juu. Kidevu begani. Yeye macho kwenye kompyuta, kichwa hainui, halafu nilaumiwe mimi!

Tukaitwa kwenye skrini. Penye kiza bluu, penye mwanga mkali nyekundu. Taa yangu nyekundu kama pilipili! Nikataka kupiga vigelegele, ila chini yake kulikuwa na dude jekundu lenye mikono sita.

"Hii nini?" Helen akauliza.

"Ni dada yetu," akajibu Mama Furaha.

Fundi akakohoa. "Chanzo cha mng'aro kilikuwa kinatembea. Siwezi kutenganisha taa na gauni. Kipimo hakifai."

Nikamsihi arudie palepale, mimi nitoke, nikasimame hata barabarani. Akatazama saa: ana kazi nyingine mjini, nafasi iliyopo ni baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ya treni, miezi mitatu chini ya taa ambayo kila mtu ameiona ni nyekundu!

Mama Furaha akaipiga picha ile skrini kwa simu yangu, akamtumia mama yangu. Jibu: "Mwanangu umependeza, ila mikono mingine ya nani?"

Naapa, fundi akirudi atanikuta nimevaa nyeusi, tena hatanikuta, nitakuwa stesheni mpaka amalize. Na mama picha yake ya ofisini ameshaipata, asinidai nyingine.