Kioo cha Mji wa Uskoti

Binti yangu alipoichukua ile picha akaisafishe, nilijua naibiwa. Mtu hasafishi kitu cha mwenzake bure. Shule niliiacha darasa la nne, lakini karakana ya makochi hapa Newtown niliijenga kwa mikono hii, wala hajazaliwa wa kunibadilishia hata msumari.

Picha ilikuwa ya marehemu mke wangu. Mji wa bandari huko Uskoti, mchoro wa karne ya kumi na tisa: mashua zimelala matopeni, nyumba za mawe zimebanana juu ya gati. Alipewa na nesi Mskoti alipokuwa ukimbizini kwetu Tanzania, kabla hajanioa. Ndiyo, yeye ndiye aliyenioa, akanileta kwao huku kusini. Kila Jumapili, akitoka kukaanga magwinya, maandazi ya kwao, aligusa kioo penye kidirisha cha juu cha nyumba moja kwa kidole chenye mafuta. "Mzee, ukiniudhi nahamia hapa."

Ikarudi kutoka kwa fundi wa fremu kule Randburg inang'aa mno. Mimi kila kochi linalotoka kwangu nalitia mshono mwekundu kwa ndani, likirudi nilijue. Picha nayo niliifunga uzi mwekundu kwenye waya wa nyuma. Sasa waya mpya, uzi hakuna.

"Umeiuza," nikamwambia. "Hii fotokopi."

"Eish, Baba! Fundi kabadilisha waya tu. Na makochi yako unayahoji hivi?"

"Makochi hayaongopi."

Nikachukua bisibisi, nikafungua fremu mbele yake. Mke wangu alinifundisha: mchoro ule ulichorwa kwenye bamba la shaba, bamba likakandamizwa karatasini, likaacha bonde pande zote. Fotokopi haina bonde. Nikapitisha kidole. Bonde lilikuwepo.

"Haya, umeridhika?"

Wapi! Kitu kilikuwa kimepungua, na si kwenye karatasi. Nikakiinua kioo kwenye mwanga. Kitupu, kama cha dukani.

"Kioo cha zamani kiko wapi?"

"Kilikuwa na ufa pembeni, Baba, na doa la mafuta hapa juu. Fundi akaki..."

Kidole chake kilikuwa juu ya kile kidirisha. Akakaa chini.

Jumapili iliyofuata alikuja, akakaanga magwinya bila kuombwa, akayaunguza. Kisha nikamwona anasogea ukutani, kidole kinameta. Nikamkazia macho, asije akagusa nyumba ya jirani. Akagusa penyewe.

"Ukiniudhi, Baba..." akasema.

Kitambaa cha kufutia vioo nimekifungia kabatini. Ufunguo ninao mimi.