Bwana Ruhusa na Bangili ya Mama

Mume wa dada yangu alikuwa mtu wa kubisha hodi. Angebisha hodi hata kwenye mlango uliong'olewa. Wenye nyumba za wageni alikozoea kulala safarini walimpachika jina la Bwana Ruhusa, na lilimkaa vizuri hivi kwamba hata mimi, ambaye kwangu alikuwa shemeji tu, nilijikuta nikilitumia kila nilipotaka kumchokoza.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani. Alizunguka mji kwa mji na sanduku lake la mawe ya mizani, akirekebisha mizani za maduka ya nafaka, za mabucha, na zile za zahanati ambazo watoto wachanga huning'inizwa wakilia. Mchana ulikuwa wa mizani. Jioni ilikuwa ya mashine yake ya kutafutia vyuma ardhini, fimbo ndefu yenye sahani chini na vidude vya kuvaa masikioni juu. Mimi niliiita fagio, maana alikuwa akiipeleka kushoto na kulia juu ya nyasi kama mtu anayefagia uwanja usio na taka.

Wengi walidhani anatafuta dhahabu. Laiti wangemwona anavyorudi! Misumari, vizibo vya soda, kipande cha bati, jembe lisilo na mpini. "Shemeji," nilikuwa nikimwambia, "debe tupu haliachi kuvuma. Hiyo mashine yako inapigia kelele kila takataka." Yeye anacheka, anapanga vizibo vyake dirishani, na kesho yake anasafiri tena.

Lakini kabla hajafagia popote, lazima aulize. Akifika mji mpya, hata begi hajafungua, anamwuliza mtu wa mapokezi: kile kiwanja pale nyuma ni cha nani? Na kile cha mpira? Na lile shamba lililokwisha kuvunwa? Akitajiwa mwenyewe, anavaa shati safi na kwenda kumwona, mashine ameiacha chumbani ili asimtishe mtu. Anaeleza atafanya nini, atachimba kina gani, kwamba kila shimo atalifukia na kurudisha majani yake juu, na kwamba chochote cha maana atakachokipata atakileta kwanza kwa mwenye ardhi. Akikubaliwa anashukuru. Akikataliwa anashukuru vilevile. Kuna mwenye shamba mmoja alimwambia, "Ondoka hapa na mtego wako wa mabomu kabla sijafungulia mbwa." Bwana Ruhusa akamjibu, "Asante, mzee, jioni njema," akarudi kulala.

Si kwamba alizaliwa hivyo. Safari ya mwanzo kabisa alifagia kwenye kichaka fulani, kumbe ni magofu ya kale yanayolindwa, na kibao cha onyo kilikuwa kimemezwa na majani. Alishinda kituo cha polisi mchana kutwa, mashine ikiwa juu ya meza kama mtuhumiwa mwenzake. Tangu hapo magofu hayagusi, makaburini hakanyagi, ufukweni anakwenda kwanza halmashauri, na kiwanja cha shule anakiombea kwa mwalimu mkuu, tena wakati wa likizo tu.

Sasa utauliza, kwa nini mtu mzima ajisumbue hivyo kwa ajili ya vizibo vya soda? Kwa sababu yangu. Mimi niliitwa mwizi.

Zamani tuliishi katika nyumba za wafanyakazi za kiwanda cha sabuni. Shemeji alikuwa akitunza mizani za kiwanda, na mimi nilikuwa msichana, nikikaa kwao. Kiwanda kilipofungwa tuliambiwa tuhame. Asubuhi ya kuhama nilishinda ndani nikifunga mizigo, huku dada yuko nje bombani na wanawake wengine akiosha masufuria. Lori lilipokuja, dada akaingia kuchukua bangili ya fedha aliyoachiwa na marehemu mama yetu. Alisema aliiweka kwenye kisanduku cha nguo. Kisanduku kikafunguliwa, bangili hakuna.

Dada hakuniuliza. Alichukua begi langu, akalitoa nje, akalimimina chini mbele ya majirani wote. Nguo zangu za ndani zilianguka kwenye vumbi, na watoto wakacheka. Bangili haikuonekana. Dada akasema, "Nani mwingine alikuwa chumbani tangu alfajiri? Basi umeshampa mtu." Watu wote wakakubali kwamba ni kweli, chumbani nilikuwa mimi peke yangu.

Jina likipakwa matope halioshwi kwa sabuni, hata kama mnakaa kwenye kiwanda chake. Habari ilitufuata tulikohamia. Nikiingia chumba chenye wanawake, mikoba ilisogezwa. Haikunyakuliwa, la, ilisogezwa tu, taratibu, na mwenye mkoba akiendelea kuzungumza nami kwa tabasamu. Afadhali wangenitukana. Nikaolewa, nikazaa, nikawa na nywele nyeupe, na bado wake za kaka zangu walifunga kabati nilipokwenda kuwasalimu.

Shemeji ndiye pekee aliyesema tangu mwanzo, "Hakuchukua huyu." Alimwambia mkewe, mkewe akanuna, na yeye si mtu wa ugomvi. Akaamua kutafuta. Alinunua ile mashine ili akafagie uwanja wa nyumba zetu za zamani, kwa imani kwamba bangili haina miguu na itakuwa ilidondoka hapohapo. Alipofika akakuta ukuta. Tajiri mmoja alikuwa amenunua eneo lote, akavunja nyumba, akajenga ghala upande mmoja na kuacha uwanja wa nyasi upande wa pili. Mlinzi akamwambia mwenye mali amesafiri.

Mwenye mali aliendelea kusafiri kwa miaka mingi. Kila safari iliyompitisha njia ile, shemeji alibisha hodi kwenye geti. Mara arudi wiki ijayo, mara msimamizi amebadilishwa, mara hawataki watu wa kuchimba. Kwingine kote alikokuwa akifagia kulikuwa kwa mazoezi, ili siku akifunguliwa geti lile mkono na sikio viwe tayari. Baadaye akaipenda kazi yenyewe, sikatai, lakini chanzo kilikuwa begi langu lililomiminwa.

Mimi sina subira. Nilimwambia, "Shemeji, ukuta wenyewe mfupi. Mlinzi analala. Ruka."

"Siwezi, shem."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Akaweka kikombe chake cha chai chini. "Kitu cha kukutoa kwenye wizi hakiwezi kupatikana kwa kuiba. Nikiruka ukuta nikaipata, nitamwambia nini dada yako? Nimeitoa wapi? Itakuwa sote wawili wezi."

Nilimkasirikia kweli. Nilimwona kama mtu anayesimama mlangoni akisubiri kukaribishwa na huku ndani moto unawaka.

Kisha dada akaugua. Nilikwenda kumwuguza, maana damu ni damu, na hakuna mwingine aliyejua anavyopenda uji wake. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimsuka nywele zilizobaki. Tulizungumza kila kitu isipokuwa kile. Siku moja nilikuwa nimemshikia kikombe, akanitazama kwa upole, akasema, "Mdogo wangu, ile bangili, mimi nilishakusamehe."

Alidhani ananipa zawadi. Mimi niliona nimemwagiwa begi langu upya. Sikutaka msamaha. Nilitaka aseme ameniamini, basi, neno moja. Nikamsogezea kikombe mdomoni anywe, ili yeye asiendelee na mimi nisijibu. Akanywa. Hakulitaja tena, na udongo wa kaburi lake ulimfunika akiamini kwamba amemsamehe mwizi.

Udongo huo haujatulia vizuri, siku moja mimi na shemeji tuko chumbani tunakunja nguo za marehemu, simu yake ikalia. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Asante sana, mama." Akakaa kitandani juu ya nguo. Msimamizi mpya wa ghala, mwanamke, alikuwa amekuta maombi yake na namba yake ya simu kwenye daftari la getini, akamwonea huruma. Uwanja ule utamwagwa zege hivi karibuni, kwa hiyo kama bado anataka, aje kwa siku moja tu, afukie mashimo yake, na akitoka aonyeshe getini alichopata.

"Wamekubali," akaniambia.

Nilikuwa na gauni la dada mkononi. Nilitaka kumpiga nalo. Badala yake nikaliweka kwenye rundo na kusema, "Nakuja na wewe."

Nilikuwa sijarudi pale tangu siku ile. Nyumba hazipo, hata alama zake hazipo, lakini bomba lilikuwa limebaki, limekauka, na pembeni yake sakafu ya saruji tuliyokuwa tukifulia, imepasuka na kuota majani. Nilisimama nikatafuta kwa macho mahali begi langu lilipomiminwa. Nilipaona mara moja.

Shemeji alifagia mahali palipokuwa chumba chetu. Misumari. Akafagia palipokuwa mlango. Kijiko, kufuli lililooza, vizibo. Kila shimo alilifukia na kulikanyaga taratibu, kana kwamba zege halitakuja. Jua lilipanda. Nilimwona amezeeka: akiinama ilimbidi aishike ile mashine kama mkongojo kabla ya kunyanyuka.

Alifika bombani mwisho. Pale maji machafu ya masufuria yalipokuwa yakishukia, nyuma ya ile sakafu, alisimama, akarudisha sahani, akairudisha tena. Akavua vile vidude vya masikioni na kunivika mimi. Nikasikia mlio laini, tofauti na kelele za misumari alizonisikilizisha miaka yote. Alipiga magoti akachimba kwa mkono.

Ilikuwa nyeusi kama kipande cha mkaa. Aliifuta kwa shati lake, shati safi la kuombea ruhusa, na mstari mweupe ukatokea, na maua madogo aliyoyachonga sonara tusiyemjua, ambayo mimi na dada tulikuwa tukiyahesabu kwa vidole tukiwa watoto mapajani mwa mama.

Nilielewa papo hapo. Bangili haikufika bombani peke yake. Ilifika mkononi mwa mtu, mkono uliojaa povu la sabuni, na mimi sikutoka ndani asubuhi ile. Watu wote walishuhudia kwamba sikutoka. Kilekile kilichonihukumu ndicho kilichonitakasa. Dada aliivaa, akasahau kuwa ameivaa, akaosha masufuria.

Nilingoja nifurahi. Sikufurahi. Niligeuka kutafuta wa kumwonyesha, nikaona nyasi na ukuta.

Shemeji alikuwa bado amepiga magoti, analia bila kujificha. "Ningeruka," akasema. "Shem, uliniambia niruke. Angeiona kwa macho yake. Ningeruka tu."

"Ungeruka, angesema tumepanga," nikamwambia. "Angesema nilikuwa nayo muda wote, nimekupa uizike na kuifukua." Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa analia, si kwa sababu niliamini. Mpaka leo sijui kama naamini.

Tulifukia shimo pamoja. Alirudisha majani juu, akayapapasa yalale vizuri, kisha tukaenda getini kama tulivyoagizwa. Nilikuwa nimeishika bangili kiganjani. Ningeweza kuitia mfukoni na hakuna ambaye angejua. Nilifikiria hivyo, nikacheka moyoni kwa uchungu, maana siku pekee ambayo ningeiba bangili ya mama ilikuwa siku hiyo.

Mlinzi alikuwa kijana mchangamfu. Alipokea misumari na kufuli, akavitupa pembeni. Kisha nikafungua kiganja. Aliichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii fedha hii?"

"Fedha," shemeji akamjibu.

"Ya nani?"

Shemeji alinitazama. Aliniachia mimi nijibu.

"Ya dada yangu," nikasema. "Ilimdondoka pale bombani, siku tulipohama."

"Loo! Ilikuwa imelala hapo muda wote?" Akairudisha kiganjani mwangu na kukifumba yeye mwenyewe kwa mikono miwili. "Sasa mama, usiikalie. Mpelekee leoleo. Atafurahi sana huyo."

Shemeji, aliyemshukuru hata mtu wa mbwa, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ikabidi nishukuru mimi.