Presha Kuka Iliyomwingiza Baba Mkwe Jikoni

Siku ninayoikumbuka kwa kicheko kuliko zote, mwanangu, ni ile baba mkwe wangu alipoingia jikoni kwangu mbio, kofia imeanguka, fimbo mkononi, akipiga kelele kwamba nyumba inalipuka. Wewe wa siku hizi huenda usione ajabu hapo. Mzee ameingia jikoni, basi nini? Lakini huku kwetu Kakamega, baba mkwe hakuwa mtu wa kukanyaga jikoni kwa mke wa mwanawe. Alisimama nje, akakohoa, akasalimia huku akiangalia migomba, nawe ukamjibu kutoka ndani. Ndiyo ilikuwa heshima, na mzee wangu aliishika barabara. Tangu niolewe, hakuwa ameona hata mafiga yangu yamekaaje.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianza kucheka sitamaliza.

Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa fundi cherehani pale soko la Malava. Nilishona sare za shule na magauni ya kwaya, na sitajisifu sana, lakini mikunjo yangu ilijulikana. Mume wangu aliendesha trekta la miwa, kwa hiyo msimu wa kuvuna ukifika tulimwona kwa nadra. Nyumbani tulibaki mimi na binti yangu wa kwanza, Naliaka, aliyekuwa bado hajaanza shule. Mchana alishinda kwa mama mkwe wangu, boma lile lile, akipewa uji na kiazi kitamu. Jioni nikirudi namchukua, tunaingia jikoni kwangu, nawasha moto.

Sasa, mwanangu, umewahi kupika maharagwe kwa kuni mbichi wakati wa mvua? Maharagwe yana kiburi! Unachochea, unapuliza, machozi yanakutoka, sufuria imekaa tu inakutazama. Naliaka alikaa kwenye kigoda karibu nami akauliza, "Mama, imeiva?" Namwambia bado kidogo. Anauliza tena, bado kidogo. Baadaye haulizi tena kwa sababu usingizi umemchukua. Nikipakua, yeye amelala fofofo. Nikimwamsha, anatia tonge mdomoni na kulala nalo hapo hapo bila kulitafuna. Nilimfuta mdomo, nikambeba hadi kitandani, nikajiambia kesho atakula vizuri.

Kesho ilikuwa vile vile.

Asubuhi moja nilimpeleka kliniki kwa sababu gauni lake lilianza kumpwaya, na mimi ndiye niliyelishona, nilijua vipimo vyake. Nesi alimpima, akamshika mkono, akaniuliza, "Huyu anakulanga nini?" Nikamtajia kwa madaha: maharagwe, kunde, ugali wetu wa obusuma, maziwa tukipata. Akaitikia kwa kichwa, akasema hicho ni chakula kizuri sana. Halafu akauliza, "Na anakulanga saa ngapi?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba chakula kikiiva yeye amelala, nalo lilinishinda kulitamka. Nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka, na njia nzima niliona aibu na hasira, tena sikujua nimkasirikie nani.

Hapo ndipo nilipoikumbuka presha kuka iliyokuwa chini ya kitanda changu.

Ilitoka kwa dada yangu Rosa. Alifanya kazi za nyumbani Kisumu kwa familia ya Wahindi, nao walipojinunulia mpya wakampa ile kuukuu, naye akaniletea mimi kwa kuwa ndimi niliyelalamika sana kuhusu kuni. Alinionyesha kila kitu: mpira wa kifuniko, tundu la mvuke, na kile kizito cha juu kinachopiga filimbi. Nilifurahi kama niliyepewa ng'ombe! Lakini mama mkwe wangu alipoona kifuniko kinavyojifunga, alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Hiyo kitu inalipukanga," alisema. "Kuna mtu huko Lubao, ilitoboa mabati ikaenda."

Mtu huyo wa Lubao alikuwa nani, hakuna aliyemjua. Hata hivyo mume wangu naye alisema tuiache kwanza, na mimi sikutaka kuonekana mke mwenye kichwa kigumu. Kwa hiyo sufuria ya kuivisha chakula upesi ikawa ya kuwekea mbegu za njugu. Naliaka analala njaa, njugu zimelala chini ya kifuniko chake. Ukiniuliza leo nilikuwa nawaza nini, sijui.

Siku ile ya kliniki nilipitia nyumbani kabla ya kwenda sokoni, nikazimwaga zile njugu kwenye ungo, nikaisugua sufuria mpaka ikang'aa, nikaloweka maharagwe. Jioni nilirudi mapema kidogo, jua bado liko juu ya miwa. Nikamketisha Naliaka kwenye kigoda chake, mbali na mafiga. Maharagwe nikayatia, maji, kitunguu, nyanya, kijiko cha mafuta ili povu lisipande. Nikachungulia lile tundu la mvuke kama alivyonifundisha Rosa. Nikafunga. Moyoni, nisikudanganye, nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtu anayetoroka.

Kwanza kimya. Halafu ikaanza kunong'ona. Halafu ikatikisika kidogo, na mara, fiiiiiii! Filimbi hiyo! Kuku waliruka, mbwa wa jirani akabweka, Naliaka akapiga makofi. Nami nikapiga makofi! Tulikuwa wawili jikoni tunacheka kama wendawazimu.

Lakini nje hawakuwa wanacheka. Mama mkwe wangu alikuwa akianua nguo. Aliisikia filimbi, akaona mvuke unatoka dirishani, akapiga yowe lililofika barabarani na kuwaleta watoto wa jirani mbio: "Uwiii! Imewaka! Toeni mtoto! Toeni mtoto huko ndani!"

Mzee alikuwa anafunga ng'ombe. Sikumwona akija. Niliona mlango umejaa mtu, fimbo mkononi, akipiga kelele kwamba nyumba inalipuka, kofia ikaanguka, naye akanipita bila hata kunitazama, akamnyakua Naliaka kutoka kwenye kigoda na kutoka naye mbio hadi kwenye ukingo wa miwa. Alimkinga mtoto kwa mwili wake wote, mgongo ameugeuzia jikoni, akisubiri mlipuko.

Filimbi ikalia tena. Mzee akainama zaidi.

"Papa!" niliita kutoka mlangoni. "Papa, hakuna moto! Ni maharagwe tu!"

Hakuna aliyeniamini. Basi nikafanya yale niliyofundishwa, tena polepole ili wote waone. Sufuria ilipokuwa tayari niliiepua, nikaiweka pale mlangoni, nikaacha mvuke utoke wenyewe mpaka ile kelele ikafa kabisa. Mama mkwe alijificha nyuma ya ghala, akichungulia kwa jicho moja. Kisha nikafungua.

Mwanangu, harufu! Maharagwe yamepasuka, mchuzi mzito, kitunguu kimeyeyuka. Na jua lilikuwa bado halijazama! Nilitaka kuimba. Nilipakua kwenye kisahani, nikakipepea, na sauti nyembamba ikatoka kwenye miwa: "Babu, niweke chini. Imeiva."

Akala. Alikula akiwa amekaa kwenye nyasi, macho yote mawili wazi, akalamba kisahani na kuomba tena. Nami nikarudi kwenye sufuria kuongeza, nikiwa nalia na kucheka kwa pamoja.

Mzee alimtazama akila. Mama mkwe wangu ndiye aliyeanza. Alisema nimewatia watu wazima aibu, nimemfanya mzee avunje mwiko mbele ya watoto wa jirani, na kwamba niliambiwa niiache hiyo kitu. Nilijitetea. Nilisema Naliaka hulala kabla chakula hakijaiva, karibu kila siku, na kwamba nesi ameniuliza swali lililonishinda.

Mzee aligeuka akatazama migomba, kama kawaida yake ya kuzungumza nami.

"Kumbe huyu mtoto hulalanga bila kula," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Na mama yako hapa, yuko karibu hivi. Mbona hukumwambia amuwekee chakula?"

Nilikuwa nimeona aibu kuomba, nisije nikaitwa mwanamke asiyeweza kulisha mtoto mmoja.

"Wewe uliogopa sisi," alisema mzee. "Mama yako aliogopa sufuria. Huyu mtoto hakuogopa kitu, alikuwa na njaa tu. Leo nimekimbia nikaingia pale ndani, nilifikiri anaungua. Lakini njaa yake ya kila siku mimi sikuisikia, kwa sababu nasimama hapa nje nikichunga heshima." Akasogea mlangoni, akaokota kofia yake, akaipangusa. "Usinifiche tena njaa ya mtoto. Ukinificha, hapo ndipo umenivunjia heshima."

Maneno yale yaliniingia mpaka leo hayajatoka. Hakupaza sauti. Kama angenigombeza kwa ukali ningekuwa nimeshasahau.

Kuingia kwake jikoni kulikuwa na taratibu zake, nazo zilifuatwa. Wazee walisema atoe kuku wa kuondoa mwiko, akatoa jogoo mzee, mwenye makucha marefu, wa kuchemshwa kutwa nzima. Nadhani mama mkwe alimchagua makusudi aijaribu ile sufuria! Nami sikukataa. Nilimkata vipande, nikamfungia ndani ya presha kuka, na safari hii ilipopiga filimbi mama mkwe wangu alisogea hatua moja tu nyuma. Jogoo akaiva laini, akaletwa mezani pamoja na kunde na obusuma moto moto.

Unajua kwetu imondo, ile firigisi ya kuku, ni ya nani. Ni ya mwenye boma. Mwanamke hakuigusa, mtoto wa kike ndiyo kabisa. Nilimwekea mzee kwenye sahani yake, mahali pake. Aliitazama, akamwita Naliaka, akampa mkononi. Mama mkwe wangu aliona, akaendelea kumega obusuma.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayerudi kazini umechoka na watoto wanakusubiri. Kupika upesi si uvivu, na asikwambie mtu kwamba chakula kitamu lazima kikutese. Asubuhi loweka maharagwe kabla hujatoka. Usijaze sufuria kupita nusu, maana yanapanda. Munyu, ile chumvi yetu ya majivu, usiutie humo, utakufanyia povu, uweke kwenye mboga za majani, nazo uzipike pembeni kwa muda mfupi zisipoteze rangi. Osha tundu la mvuke kila mara, uuangalie mpira. Na usilazimishe kifuniko, kamwe! Kikikataa kufunguka, subiri.

Ukifanya hivyo, sufuria haitakudhuru. Lakini kubwa kuliko yote, usifiche njaa ya mtoto kwa ajili ya sifa yako. Omba msaada kwa jirani, kwa mama mkwe, hata kwa yule mzee anayetazama migomba. Huenda yuko tayari kukukimbilia, ila hajui.

Naliaka sasa ana wanawe. Jioni nyingine hunipigia simu, hasemi kitu, ananisikilizisha filimbi tu, nami huku Malava nacheka peke yangu.

Mungu akubarikie jiko lako, mwanangu. Akupe maji ya karibu, na moto usiokusumbua, na kila mtoto wako ale akiwa macho.