Nimeuteka mji wa baba mkwe siku moja baada ya kula kahawa yake

Admin, nifichie jina. Mtu wa Kimuli akisoma huenda akanitambua, lakini afadhali akisie.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani katika ghala la mnunuzi wa mazao hapa Nkwenda. Kwetu ni Kihanga. Sisi ni wafugaji, babu alitoka Rwanda na ng'ombe wake, na mpaka leo mgeni akifika nyumbani hupewa maziwa. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililoniponza. Nina mchumba, nimwite Koku, Mnyambo wa Kimuli. Jumapili hii wazee wangu wanakwenda kwao kutoa posa.

Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilipotambulishwa hakuwa na maongezi na mimi. Salamu, kisha anarudi kwenye redio yake. Siku moja akaniona nacheza mchezo wa falme kwenye simu. Unajenga miji, unapanga majeshi, ukimaliza zamu yako unamwachia mwenzako, naye anacheza akipata nafasi, hata kesho yake. Akachungulia, akauliza, "Huyo mwekundu mbona kaacha mto bila mlinzi?" Nikajua nimempata. Nikamwekea mchezo kwenye simu yake, tukaanza.

Ndugu zangu, hatukuwahi kuwa na amani. Kitufe cha amani kipo, lakini mzee alikidharau. "Amani ya kubonyeza ni amani gani, karani?" Nikichukua kijiji chake, anachukua viwili vyangu. Niko ghalani napima maharage, simu inatetemeka, najua kuna mji wangu unaungua. Halafu ananipigia kunicheka: "Mkwe, ng'ombe zako zimevuka mto zenyewe. Nizirudishe au nizikamue?" Mkwe! Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Vile vita ndivyo vilivyonipa baba. Nikawa naogopa kumshinda, na naogopa zaidi kushindwa ovyo, maana akishinda kirahisi hununa, anasema namdekeza kama mgonjwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwasalimu. Mama akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mzee akachagua tunda moja, akalipasua, punje moja akanipa, ya pili akaiweka kinywani mwake. Akanitazama mpaka nikatafuna, kisha akanishika mkono muda mrefu. Nikasema, "Asante, baba." Nilidhani ni ukarimu tu, kama sisi tunavyomimina maziwa.

Kesho yake nikafungua mchezo, sikuamini macho. Majeshi yake yote yameondoka mpakani na mji wake mkuu uko wazi. Nilikagua kila upande nikihofia mtego. Mwisho nikajiambia, huyu mzee hapendi kudekezwa. Nikaingia, nikauteka mji, nikamaliza zamu, nikakaa nangoja kicheko chake.

Hakupiga. Alipiga Koku, analia.

"Umemfanya nini baba?"

"Nimecheza tu."

"Amepasua tunda lake, akakupa punje, ukala!"

"Ilikuwa kahawa, Koku."

"Kwenu ndiyo kahawa! Kwetu wakigawana tunda moja wamekuwa ndugu. Zamani walichanjana, wakazipaka punje damu yao. Ndugu hampigi ndugu. Unafikiri askari wake aliwaondoa kwa nini? Tangu mchana amekaa uani, chakula amekirudisha."

"Si angeniambia?"

"Akuambie nini tena, na wewe umeshakula?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba shangazi yake yuko pale, na anasema ni heri tabia ya muoaji imejulikana kabla binti hajatoka nyumbani.

Nilimpigia mzee hapo hapo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, karani." Si mkwe tena.

"Baba, kwa Mungu, sikujua maana ya ile punje. Kwetu hatuna."

"Mchezo ni mchezo," akasema, kama mtu anayemjibu mzazi msumbufu ofisini. "Nimeshacheza zamu yangu. Cheza yako." Akakata.

Nikafungua. Hakujaribu kuukomboa mji wake. Amevunja jeshi lote, hakubakiza hata mpiga upinde mmoja. Amebaki na mji mmoja mdogo kando ya ziwa, hauna ukuta. Nikiuchukua, amekwisha.

Tangu hapo sijagusa kitu. Nikimrudishia mji mkuu, mchezo unaruhusu, lakini ataona namhurumia, na huruma ndiyo kitu anachokichukia kuliko kushindwa. Nikibonyeza amani, ni ile ile amani aliyoicheka. Nikiacha kucheza, ataona nimekimbia. Koku anasema nisifanye lolote mpaka hasira zishuke, lakini mama yake amemnong'oneza kwamba mzee bado hajasema kama Jumapili atakuwepo kuwapokea wageni. Wazee wangu wakute kiti chake kitupu? Aibu hiyo kwa mfugaji wa Kihanga haifutiki, na wakigeuza njia hawatarudi tena kwenye nyumba ile.

Baba yangu hajui chochote. Leo amenipigia kwa furaha, anasema ameshamchagua ng'ombe atakayemtaja mbele ya wenyeji. Nikamshukuru, nikakata simu. Nitaanzia wapi kumweleza kwamba posa inataka kuvunjika kwa sababu ya mji ulio ndani ya simu?

Nyinyi Wanyambo na Wahaya mliolelewa na mila hii, nawauliza nyinyi kwanza. Undugu huo ukivunjwa na mtu asiyejua, unatengenezwaje? Nipande pikipiki niende Kimuli peke yangu nimwangukie, au mkosaji haruhusiwi kufika bila mtu wa kumsemea? Au nimwambie baba ukweli, azuie safari? Mtakaocheka chekeni, ila mwenye kujua anijibu kabla ya Jumapili. Nampenda Koku, na yule mzee pia nampenda.