Ubao wa Maziwa Ulivyoniumbua

Jamani, tangu Jumamosi napita Singe nimeinamisha kichwa.

Mimi na Eliza ni mafundi wa vifaa vya umeme hapa Babati. Wafugaji wa Singe walituomba mzani wa maziwa unaoonyesha uzito kwenye ubao wa taa, ili kila mtu ajionee. Tatizo, chipu ya kuuendesha ilikuwa na mlango mmoja tu wa mawasiliano, nasi tulihitaji mitatu: wa mzani, wa ubao, na wa kompyuta yangu ya majaribio. Mimi nilishakata tamaa. Eliza akaongeza chipu nyingine ndogo, akalehemu nyaya nyembamba kama unywele, milango ikawa mitatu. Nilibaki kumtazama tu. Yule dada ni hatari!

Ili kuupima mlango wa kompyuta, ilibidi niandike maneno yoyote ambayo chipu ingeyatuma kwenye kompyuta yangu. Niliandika ya moyoni, kwani nani mwingine angeyaona?

Siku ya kufunga mtambo nikajitia ujuzi mbele ya watu. "Eliza, pumzika, nyaya naunga mimi." Kumbe waya wa mlango wa kompyuta nimeuchomeka kwenye ubao.

Mama Daniel, mfugaji wa kwanza kwenye foleni, akaweka ndoo yake ya maziwa mzanini. Ubao ukawaka mwekundu, naye akausoma kwa sauti kama yuko kanisani:

"Eliza, wewe ni fundi wa mafundi. Nakupenda, ila naogopa kukwambia."

Eliza akausoma ubao tena, taratibu, kisha akanigeukia.

"Haya, umeshaniambia. Sasa chomoa huo waya, mama wa watu anasubiri uzito wa maziwa yake."