Kijani Tupu

Kaka yangu ni fundi wa skrini za hospitali kubwa, zile zinazoita namba za wagonjwa. Msimdhanie wa kupanda ngazi na bisibisi. Anakaa chumbani ghorofa ya juu na kompyuta yake. Nyuma ya kila skrini kuna kidhibiti, kiboksi cha kiasi cha nusu mkate, na kila dakika kompyuta inaviuliza vyote kupitia mtandao, kwa itifaki yao, yaani lugha ya mashine kwa mashine: mko wazima? Kikijibu, nukta ya kijani, kikinyamaza, nyekundu. Picha ikiganda, kiboksi hutuma onyo chenyewe bila kuulizwa.

Maonyo hayo yalikuja hata kwa upuuzi, na mkuu wake alitaka ripoti ya mwezi iwe kijani tupu. "We fundi, mbona unaniaibisha? Zima hizo kelele, bwana." Kaka akazima. Akabakiza lile swali la uzima tu. Aliponisimulia nilicheka, na kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Mama alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa limeanza kufifia. Madaktari bingwa wa macho huja mara moja kwa mwaka, siku moja tu. Alipewa namba hamsini na nane, na kaka akamketisha mwenyewe kwenye benchi.

"Mama, usibanduke hapa. Watu watakuzungusha bure. Wewe tazama skrini, hii naichunga mimi."

Skrini ikaganda kwenye arobaini na moja. Kiboksi kilikuwa kizima, kikajibu hivyo kila dakika, na kaka huko juu akawa anakunywa chai. Muuguzi alipoona watu hawaingii, akatoka kuita kwa mdomo. Aliita hamsini na nane mara tatu.

"Bibi, si wewe huyo?" jirani akamgusa.

"Bado. Mwanangu kasema nitazame pale."

Jioni madaktari wakafunga mikoba. Waliporudi mwaka uliofuata, jicho lilikuwa limeshakufa.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu wetu alimtanguliza mama. Nina hasira naye, tena nyingi, na bado hajathubutu kumweleza mama kilichotokea.

Juzi shangazi alianza kumsema kaka mbele ya mama. Mama akamkatiza.

"Mwacheni mwanangu. Ile skrini yake niliikodolea jicho kutwa nzima. Haikuzimika hata mara moja."